Mgeni wa Nyuma ya Karakana

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo saa nne asubuhi, na daftari hili nimepewa leo hii hii. Aliyenipa ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mwenyewe tangu anatambaa, na sasa ndiye mwalimu wa gofu pale klabuni. Mwalimu mzima! Anafundisha mawakili na madaktari, wanamwita Madamu huku wamevua kofia. Kaniambia, "Mjomba, kila anayejinoa lazima aandike. Siku gani, mipira mingapi, mingapi mizuri. Mimi sitalisoma, ni lako." Shule niliacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alianza kuniona tishio, lakini hati yangu aliwahi kuisifu hakimu, na hakimu yule hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Jambo lenyewe ni hili. Klabu inaleta vigari vya umeme vya kubebea mifuko ya fimbo. Sisi wabeba mifuko, tuliotembea uwanja ule miaka ishirini na sita, basi tena. Imebaki nafasi moja tu, ya msaidizi wa mwalimu, na mpwa wangu amesimama mbele ya kamati akasema, "Mjomba wangu anaiweza. Habari za chuma chake nimezisikia tangu niko mdogo." Kamati ikajibu sawa, tutamjaribu mvua zikiisha, tarehe 17 Mei. Mipira kumi, kwa fimbo ya chuma namba saba, mita mia na thelathini. Saba iangukie ndani ya duara la chokaa.

Klabuni wananiita Chuma. Jina nilijipa mwenyewe, likashika. Mimi ndiye niliyewahi kupiga mpira ukapita katikati ya kunguru, ukashuka na unyoya, ukaingia shimoni na unyoya wake. Daktari mmoja aliomba kunipima kiganja.

Mipira ya leo: arobaini. Mizuri: arobaini.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mipira hamsini. Mizuri hamsini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekaa nikafikiri. Kama mtoto hatalisoma, humu ndani namdanganya nani? Basi ukweli ni kwamba sijapiga hata mpira mmoja. Toka nizaliwe nimepiga mipira labda thelathini, ya kuibia, mwenye mfuko akiwa kaenda msalani. Kazi yangu ni kubeba. Nikikuangalia unavyotembea nakwambia ushike chuma namba ngapi. Najua upepo, najua mteremko, najua nani anausukuma mpira kwa kiatu akidhani hatumwoni. Kupiga ni habari nyingine. Kunguru walikuwepo kweli. Unyoya siukumbuki vizuri.

Leo ndiyo nimeanza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajafika, nimechukua chuma namba saba cha zamani na ndoo ya mipira iliyoopolewa bwawani, nikaenda nyuma ya karakana ya mashine. Pale nyuma kuna uwanja wa zamani uliotelekezwa, huoni mtu wala mtu hakuoni. Mkono wangu wa kulia ni ukuta wa mabati wa karakana, halafu upenyo kidogo, halafu tangi la maji.

Mpira wa kwanza nilichimba udongo, mpira ukabaki umenikodolea. Wa pili niliupitia juu ya kichwa. Wa tatu, wa nne, wa tano, sitaki kuieleza. Wa sita akaja mgeni.

Jina lake halisi lipo lakini klabuni halitajwi. Mwenyekiti wa kamati, jaji mstaafu aliyefunga watu maisha, akilisikia anavua glavu anaondoka. Sisi tunasema mgeni. Ni pale unapodhani umepiga kwa bamba la chuma, kumbe umepiga kwa shingo, pale mpini unapochomekwa. Mpira hauendi mbele. Unachepuka kulia moja kwa moja, kama mtu aliyeitwa jina lake. Ubaya wa mgeni si kuja mara moja. Akishapajua kwako, anahamia. Nilimbebea mfuko daktari wa meno aliyetembelewa na mgeni mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu aliuza fimbo zote akanunua baiskeli.

Mpira ukagonga bati, ngaaa! Nikalala chini kama niko vitani.

Mipira ishirini. Mzuri mmoja. Mgeni mara tisa.

Ijumaa, 14 Machi

Mgeni mara kumi na moja. Mke wangu ameuliza mbona nashtuka sufuria ikigongana. Nimemwambia ni presha ya ukubwa, nafasi ninayokwenda kushika si ndogo. Akasema, "Presha ya ukubwa wakati ukubwa wenyewe hujaupata? Subiri kwanza, baba."

Jumanne, 18 Machi

Mvua kubwa. Sikwenda. Nilifurahi kwamba sikwenda, na furaha hiyo imeniogopesha kuliko mgeni.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimenusurika. Mpwa wangu kanikuta stoo ya mifuko, kafunga mikono kifuani vile alivyokuwa anafunga mama yake.

"Mjomba, twende ukapige mipira mitano tu, niuone mkono."

"Mkono gani?"

"Si huo unaoniambia kila siku? Ule wa kunguru."

"Mama, mkono huu hauonyeshwi-onyeshwi. Siku ya siku utauona."

"Mitano tu."

Nikashika kiuno. Nikatoa mlio ambao hata mimi sikuutegemea. Akaniwahi kiti, akanikandakanda mgongo kwa kidole gumba, taratibu, akasema, "Pole Mjomba. Unajichosha. Wewe huhitaji mazoezi mengi, wewe ni kujikumbusha tu." Halafu akaongeza, kama utani lakini haukuwa utani, "Unajua wameniambia nini? Kwamba ukishindwa, watajua jinsi ninavyopima watu."

Nimekaa stoo mpaka saa saba. Mifuko yote imening'inia pale, na kila shingo ya chuma naiona inaniangalia mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Kobe amepita na mashine yake ya kukatia majani nikiwa naficha ndoo. Kobe ni mkata majani wetu, miaka kumi na tisa juu ya kiti kile, na jina nilimpa mimi kwa sababu hata akikimbia unadhani amesimama. Kaniangalia, kaangalia ndoo, kaangalia ardhi palipochimbika. Hakusema kitu. Watu wasiosema kitu nawaogopa. Mtu anayepayuka unajua ameshamaliza.

Jumatano, 2 Aprili

Mipira thelathini. Mizuri mitatu. Naona Kobe kila mahali.

Jumanne, 8 Aprili

Mwandishi mzuri kama mimi, leo naandika kama kuku.

Asubuhi mvua ilikatika, nikawahi nyuma ya karakana. Nilichelewa kidogo, ilikuwa saa tatu kasoro, mpwa wangu alishaanza darasa lake la wanaoanza kwenye uwanja wa mazoezi, upande wa pili wa njia kuu ya kuchezea. Nikajiambia mipira kumi tu. Pale ninaposimama siku zote palikuwa na dimbwi, maji ya kahawia. Nikasogea mbele hatua tatu kulikwepa. Hatua tatu tu. Sikufikiria kwamba ukisogea hatua tatu, mkono wako wa kulia hauna tena bati. Una ule upenyo, kati ya karakana na tangi, upana wa mlango wa lori.

Mpira wa kwanza alikuja mgeni. Nikasubiri ngaaa. Ngaaa haikuja. Kimya. Nikajua tu. Mashine ya Kobe ilikuwa inanguruma upande ule, mara ikabadilika sauti, ikawa inanguruma mahali pamoja, kama gari lililokwama.

Nikachungulia upenyoni. Mashine ilikuwa imepanda kwenye mchanga wa shimo la kando, inazungusha matairi bure. Kobe alikuwa chini, kwenye majani, amelalia ubavu kama mtu aliyechoka. Shati lilikuwa jeupe. Nikaona kola inageuka rangi.

Sasa hapa niandike vizuri. Sikwenda. Nilitaka kwenda, mguu mmoja ulishatoka. Halafu nikasikia watu wa darasani wanapiga kelele, wanakimbia kutoka upande wa pili, mpwa wangu mbele yao anapunga mkono, anapiga ukelele, "Acheni kupiga! Acheni!" Akapiga magoti, akavua kizibao chake akamfunga Kobe kichwa. Na mimi nikarudi nyuma ya tangi. Nikachukua ndoo, nikachukua chuma, nikaingia stoo kwa mlango wa uani, nikapanga mifuko iliyokuwa imeshapangwa. Mtu akaja mbio, "Chuma, Kobe kapigwa na mpira!" Nikasema, "Kobe yupi?" Kobe yupi! Klabu nzima ina Kobe mmoja.

Wamempeleka hospitali.

Jumatano, 9 Aprili

Nyuzi saba, nyuma ya sikio la kulia. Yuko hai. Nimelia bafuni na maji nimefungulia.

Ijumaa, 11 Aprili

Kobe aliulizwa mpira ulitoka wapi. Kajibu hajui, alikuwa amegeuza kisogo na mashine inanguruma. Kamati imekaa. Wamesema mpira hauwezi kutoka kwingine ila darasani, maana huko ndiko watu walikuwa wanapiga, na ndio hao wasiojua kupiga. Mpwa wangu kapewa barua ya onyo. Darasa la wanaoanza limesimamishwa. Limebaki onyo moja aondolewe.

Amekuja nyumbani na barua ile. Kakaa jikoni na mke wangu, mimi nikiwa mlangoni.

"Niliwapanga wote kuelekea kusini," alisema. "Nilimhesabu kila mmoja. Hakuna aliyepiga upande ule, Mjomba. Najua hakuna. Au sikuona? Labda sikuona."

Mke wangu akasema, "Mueleze mwanao neno, baba, wewe si ndiye mzee wa gofu."

Nikasema, "Gofu ina mambo."

Hilo ndilo neno nililompa mtoto niliyemlea. Gofu ina mambo.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua wiki nzima. Nimefanya hesabu ya woga. Nikisema, nafasi imekwenda, na mfanyakazi kupiga mipira saa za kazi mahali pasiporuhusiwa ni kufukuzwa. Nikisema baada ya tarehe 17, hali hiyo hiyo. Nisiposema, mpwa wangu anatembea na onyo langu mfukoni. Kila siku naamka na uamuzi wa kusema, na kila siku uamuzi unakaa na mimi mpaka getini.

Jumanne, 22 Aprili

Kobe amerudi. Bandeji nyeupe kama kilemba kidogo upande mmoja. Sikio la kulia halisikii, daktari kasema lisubiriwe. Ukimwita upande ule anaendelea na safari. Watu wanacheka, wanasema Kobe sasa amekamilika. Na mimi nilicheka. Nilicheka wa kwanza, kwa sauti, kama kawaida yangu.

Jumatano, 23 Aprili

Nilikuwa nyuma ya karakana, nimerudi kwenye dimbwi langu ambapo kuna bati. Nimepiga, ngaaa. Nimegeuka, Kobe huyo.

Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

"Nilikuona mwezi uliopita," alisema. Anasema polepole, kila neno kama limejaziwa fomu kwanza. "Sikutaka kuuliza. Mtu akijificha kuna sababu. Ila sasa siku zinaisha, na mtoto yule kakusemea."

"Kobe, ndugu yangu..."

"Upande huu. Upande huo sisikii."

Nikazunguka upande wa kushoto. Maneno yote yalikuwa yamekaa tayari mdomoni. Nikasema, "Pole na kichwa."

"Kimeshapoa. Sikiliza. Mimi nakata majani, na majani nayaangalia kuliko watu. Alama za chuma chako nimeziona. Zote ziko mbele ya mpira ulipokuwa, upande wa nje. Unajua maana yake?"

Sikujua. Mimi, Chuma.

"Unamwogopa mgeni, kwa hiyo unasimama mbali na mpira. Ukisimama mbali, uzito unakwenda kwenye vidole vya miguu, ukishusha mkono unaangukia mbele. Shingo ya chuma inafika mahali pa bamba. Wote wanafanya hivyo. Daktari wa meno alifanya hivyo mpaka akaacha. Kadiri unavyomkimbia ndivyo unavyomfungulia mlango. Sogea."

"Nisogee?"

"Karibu. Mpaka uone aibu."

Nikasogea. Akatoa bakuli lake la bati la chakula cha mchana, akaliweka nje kidogo ya mpira, nafasi ya vidole viwili. "Ukiangukia mbele unalipiga. Na mimi leo nashinda na njaa."

Nikalipiga. Liliruka likagonga ukuta, chakula kikabaki kwenye bati kama bango. Kobe akaliangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Kesho naleta ubao."

Miaka kumi na tisa nimemfanya mtu huyu kichekesho. Na bandeji yake ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, mkono mmoja kutoka nilipo.

Jumanne, 29 Aprili

Ubao umewekwa. Mipira ishirini, nusu mkono tu, kama mtu anayerusha ndoo ya maji bila kumwaga. Mizuri saba. Ubao nimeupiga mara nne. Kobe anahesabu kwa vijiti.

Jumatatu, 5 Mei

Mizuri kumi na mbili kati ya ishirini. Wa kumi na mbili ulitoka bila mlio wowote mkononi, kama vile sikugusa kitu, ukapanda, ukakaa juu, ukashuka kama uliokuwa unapafahamu. Kobe akasema, "Huo." Nimempigia mke wangu hadithi yake nikasema ulipita juu ya mawingu. Baadaye nikajisikia vibaya, kwa sababu ule wa kweli ulikuwa unatosha.

Jumatano, 7 Mei

Kobe anasema sikio linavuma kama mzinga wa nyuki. Anasema hivyo akiwa anaweka mpira mbele yangu.

Jumatatu, 12 Mei

Mgeni hajaja siku tisa. Ungedhani nimepumzika. Sijapumzika. Zamani niliogopa nitashindwa. Sasa naogopa nitafaulu, nipewe fulana ya msaidizi, nifanye kazi kila siku kando ya mtoto yule aliyebeba barua yangu.

Nimejaribu kumwambia leo. Alikuwa anafuta fimbo. Nikasema, "Mama, ile siku ya Kobe..." Akainua mkono. "Mjomba, tafadhali. Siwezi kuizungumza tena. Naota niko nawahesabu, mmoja anakosa." Nikanyamaza. Nilishukuru kunyamazishwa. Andika hilo, Chuma, usiliruke.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imeisha kama imekatwa kwa mkasi. Majani yamekauka juu. Sijala.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika yote, na nitaandika yalivyokuwa.

Saa nne. Kamati watu watano kwenye viti, mwenyekiti katikati na kofia yake ya jaji mstaafu. Wanachama wamesimama, wabeba mifuko wote wapo, wamekuja kumwona Chuma. Mpwa wangu kasimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Kobe kaegemea mashine, sikio zima limeelekezwa kwetu.

Mpira wa kwanza ulifupika, ukatua nje ya chokaa. Mtu akacheka. Nikasogea karibu mpaka nikaona aibu. Wa pili ndani. Wa tatu ndani. Wa nne ndani. Wa tano ulipaa kulia kidogo, nje, na umati wote ukavuta pumzi kwa sababu kila mtu alimfikiria yule asiyetajwa. Wa sita ndani. Wa saba ndani. Wa nane nje. Nimebakiwa na miwili, nataka miwili.

Wa tisa ndani.

Wa kumi sikuuona. Niliinamisha kichwa, nikapiga, nikabaki nimeinama naangalia palipokuwa na mpira. Nikasikia kelele. Mpwa wangu alinirukia mgongoni kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka sita.

"Mjomba! Mjomba wangu! Si niliwaambia!"

Mwenyekiti kasimama, kanishika mkono. Kasema, "Chuma, kumbe ni kweli." Halafu akamgeukia mpwa wangu, uso umebadilika, akasema kwa upole ule wa mahakamani, "Umechagua vizuri. Ila uelewe, lile la mkata majani liko kwenye jalada lako. Msaidizi huyu atakuwa anakuangalizia madarasa."

Nikamsikia akijibu, "Ndiyo, mheshimiwa." Kwa sauti ndogo. Sauti ya mtu aliyeshaanza kuamini.

Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyempiga Kobe. Nilikuwa nyuma ya karakana. Mpira ulipita upenyoni."

Halafu mbeba mifuko mmoja akaanza kucheka, wote wakafuata. "Chuma bwana! Hata ajali anataka iwe yake!" "Ulipita kwenye upenyo, ukazunguka tangi, ukamsalimia Kobe!" "Na unyoya je?" Wanacheka wamekamatana mabega. Mwenyekiti naye katabasamu. "Unataka kumkinga mwanao, naelewa. Lakini nyuma ya karakana mtu akipiga, anapiga kuelekea kaskazini. Kobe alikuwa mashariki. Hakuna mpira unaokata kona hivyo."

"Upo," nikasema. "Mnaujua nyote."

Nikaangalia nyuso zao. Miaka ishirini na sita nimewaambia uongo wakauamini, leo nawapa ukweli wananicheka. Mpwa wangu hakuwa anacheka.

"Mjomba," alisema, "usinitanie na hilo."

"Njooni," nikasema.

Walikuja. Wengine kwa mzaha, lakini walikuja. Dimbwi lilikuwa limekauka, limebaki duara la udongo uliopasuka. Nikahesabu hatua tatu mbele. Nikaomba watu wote watoke upande wa upenyo na njia ile ifungwe, mpwa wangu akaenda mwenyewe kuhakikisha, akarudi. Nikaweka mpira.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Wiki tatu nzima nimefundishwa kumfukuza, sasa nimwite mbele ya watu. Na asipokuja? Nikipiga vizuri, mpira ukaenda mbele mzuri, nitapigiwa makofi, na hakuna mtu atakayeniamini tena mpaka nazikwa. Na akija, labda haondoki. Nikarudi nyuma nusu hatua. Nikauweka uzito kwenye vidole. Nikauacha woga wangu wote ushuke mikononi, sikuuzuia, na woga ulikuwepo wa kutosha. Nikalitaja jina lake, lile lenyewe, kwa sauti. Mwenyekiti akashtuka kama kamwagiwa maji.

Nikapiga.

Hakukuwa na ngaaa. Mpira ulichepuka kulia, ukapita katikati ya mabati na tangi, ukavuka njia, ukadunda mara moja, ukasimama kwenye majani hatua nne kutoka kwenye mchanga ambako mashine ilipanda siku ile.

Hakuna aliyecheka. Kobe alitembea kutoka pale alipokuwa, kwa mwendo wake, akapita upenyoni, akaenda mpaka kwenye mpira. Akauokota. Akautia mfukoni. Akaondoka nao, hakurudi upande wetu.

Jumapili, 18 Mei

Nafasi sina. Kazi sina. Barua ya mpwa wangu imefutwa, darasa linaanza Jumanne. Mwenyekiti aliniambia maneno machache, yote ya haki.

Mpwa wangu alikuja saa tisa. Hakukaa. Alisema, "Wiki tano, Mjomba. Nilikuwa nalia kwenye jiko hili, na wewe umesimama pale mlangoni." Nikasema ndiyo. "Na kunguru?" Nikasema walikuwepo, mpira haukuwepo. Akasema, "Ile saba ya jana, hiyo niliiona mwenyewe." Akaondoka bila kuaga, lakini mlango hakuubamiza.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda kwa Kobe saa kumi jioni. Nilipita mlango ule mara tatu kama muuza kitu asiyejua anauza nini. Mara ya nne mkewe akafungua kabla sijabisha. Kitambaa cha mlango akakiacha kimeshuka.

"Yumo," alisema. "Kasema kama ni wewe, semea hapo hapo."

Nikasimama nje. Nikakohoa. Nikaanza, "Kaka, siku ile mvua ilikuwa inanyesha vibaya sana, huwezi kuona hata mkono wako..."

"Haikuwa inanyesha." Sauti ilitoka ndani, polepole.

Mkewe aliniangalia. Mikono yangu sikujua niiweke wapi.

"Haikuwa inanyesha," nikasema. "Ilikuwa imekatika. Nilichelewa. Kulikuwa na dimbwi, nikasogea hatua tatu ili nisilowe viatu. Viatu tu, kaka. Ulipoanguka nilikuona. Niliona kola. Mguu mmoja ulitoka kukufuata, nikaurudisha. Nikajificha nyuma ya tangi."

Nikanyamaza, kwa sababu yaliyobaki yalikuwa mabaya zaidi, lile la Kobe yupi, na lile la kucheka wa kwanza, na lile la ubao.

Ndani, kiti kiliburutwa sakafuni. Kilikuja mpaka karibu na kitambaa, kikageuzwa.

"Endelea," alisema Kobe. "Semea upande huu."